Bomba Nimefunga

Watu wa mtaa ule walimwita Nukta, na jina likamkaa kama alizaliwa nalo. Alikuwa fundi bomba wa miaka hamsini na minane, mikono mipana, mgongo uliokwisha zoea kuinama chini ya masinki ya watu. Wapo watu wenye mkono wa birika. Yeye mkono wake ulikuwa wazi, ila ulimi ndio uliokuwa wa birika. Mteja akimwuliza kwa nini maji hayapandi, alijibu, "Kutu." Alimaanisha kwamba bomba limeliwa kuanzia kwenye kona ya jikoni, kwamba kuziba hakutasaidia, na kwamba kesho angekuja kulitoa lote. Lakini hayo yote yalibaki kifuani mwake, na mteja akabaki ameshika kiuno katikati ya dimbwi la maji.

Wa kuyatoa alikuwa mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alishonea nyumbani, dirishani, mahali ambapo kila mpita njia alimwona na kila mwenye shida alisimama. Wateja wa mumewe walikuja kwake wakiwa wamekunja uso. "Mumeo kasema kutu. Sasa mimi kutu nikaifanye nini?" Basi alimgeukia mumewe, akamwuliza swali moja au mawili, akamtazama nyusi, kisha akamweleza mteja habari nzima, na bei, na siku. Nyusi zile alizisoma kwa miaka thelathini na moja. Watu walimtania kwamba yeye ndiye msemaji wa wizara, na waziri hana habari.

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alisema simu ya baba huita kwa muda mrefu kuliko anavyoongea. Nukta mwenyewe hakuona kasoro. Watu humsifu mwanamume mkimya, wakisema ana busara, ana kifua. Mara nyingi ni uvivu tu, na mwenye kuulipia huwa ni yule anayeishi naye.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, upande wa mlima usiopata jua. Msimu wa baridi kuta zilitoa jasho. Nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu mweusi ambao mke aliufuta kila Jumamosi, na kila Jumamosi iliyofuata aliukuta umerudi. Kifua chake hakikuiweza hali hiyo. Mara mbili katika miaka mitatu homa ya mapafu ilimlaza hospitalini, na mara ya pili alitoka akiwa amebaki mifupa na maneno. Daktari alimvuta Nukta pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba nyumba ikibaki na baridi na unyevu vile, asitegemee mkewe kuuvuka msimu mwingine.

Nukta aliitikia kwa kichwa. Akaenda nyumbani, akasimama katikati ya chumba cha mbele, akazitazama kuta muda mrefu. Alimpenda yule mwanamke kuliko kitu chochote duniani, na hakuwahi kumwambia.

Akaamua kutafuta tanuri la kupasha nyumba joto, akalipata kwa dobi mmoja aliyekuwa akifunga biashara. Lilikuwa tanuri la kuni la chuma cha kusubu, la kimo cha kifua cha mtu, mlango mzito mbele, tumbo kama la pipa. Miaka mingi lilikuwa limepasha moto chumba cha kukaushia nguo, kisha likaachwa kwenye chumba cha chini likiliwa na kutu. Yule dobi alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alimwambia alichukue bure, mradi ajue mwenyewe jinsi ya kulitoa.

Hapo ndipo alipoitwa shemeji, mdogo wake mke, aliyekuwa mpakiaji wa malori, mtu wa mabega na maneno. Alilizunguka lile tanuri mara mbili, akaligonga kwa kidole, akasema, "Shemeji, hili si tanuri. Hili ni mama mkwe. Likishaingia ndani halitoki tena." Kwa mabomba manne mazito yaliyokatwa vipande, wakalitembeza. Walilisukuma juu ya vile vipande, wakachukua kile kilichobaki nyuma, wakakiweka mbele, wakasukuma tena. Kulitoa kwa dobi na kulipandisha garini kuliwachukua siku nzima. Kesho yake walilishusha mbele ya nyumba, na majirani wakatoka kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Mlango ulikuwa mwembamba kwa vidole viwili. Nukta aling'oa fremu yote bila kusema neno. Zilibaki ngazi tatu za mbele, ambazo walizifunika kwa mbao nene. Nukta alikuwa juu na mnyororo, shemeji chini na mtaimbo. Tanuri lilipofika ngazi ya pili, ubao mmoja ukalia.

"Shika," akasema Nukta.

"Nishike wapi?" akauliza shemeji.

"Shika!"

Tanuri likaanza kuinama. Shemeji alikuwa ameweka bega upande wa kulia, na lilikuwa linaelekea huko huko, juu ya miguu yake. Mke, aliyekuwa amejifunga shali mbili dirishani, akapaza sauti, "Toka huko, mdogo wangu! Kaa kushoto, ingiza mtaimbo chini ya mguu wa nyuma! Ndicho anachomaanisha!" Shemeji akaruka, akaingiza mtaimbo, tanuri likatulia. Walipolifikisha ndani walikaa sakafuni wakihema. Shemeji alijipangusa jasho. Alisema siku dada yake akikauka sauti, watu watakufa katika nyumba hii. Wote watatu walicheka, hata Nukta.

Kulifufua lile tanuri kulichukua wiki tatu. Nukta alifanya kazi kabla ya kwenda kwa wateja na baada ya kurudi. Alilikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka vumbi jekundu likajaa masikioni. Wavu wa chuma unaobeba kuni ulikuwa umekatika katikati, akasuka mwingine kwa nondo. Nyuma kulikuwa na ufa mrefu kama mkono, akamwita mtu wa kuchomelea akaufunika kwa bamba. Ndani aling'oa matofali ya zamani yaliyokuwa yamegeuka unga, akapanga mapya yanayohimili moto, akayashika kwa udongo alioukanda mwenyewe. Mwisho akalipaka rangi nyeusi ya masizi. Mke alimwambia limependeza kuliko yeye mwenyewe alivyopendeza siku ya harusi yao. Nukta akainua nyusi, na mkewe akajua hicho ni kicheko.

Likabaki bomba la moshi. Bila bomba, tanuri ni sanduku tu. Ilibidi atoboe paa, alipitishe, alishike kwa saruji, kisha aliunganishe na mgongo wa tanuri. Na baridi nayo ilikuwa imeshafika. Mke alishona akiwa amevaa soksi mikononi, zilizokatwa vidole, na usiku kifua chake kilipiga filimbi. Kila asubuhi aliuliza swali lile lile.

"Umefunga bomba?"

"Bado."

Na siku moja, katika hotuba ndefu kuliko zote alizotoa mwezi ule, Nukta alimwambia asiwashe chochote mpaka awe amefunga bomba, na kwamba moto wa kwanza uwe wa mkaa, mdogo, usio na moshi, ili udongo wa ndani ukauke taratibu usipasuke. Akaongeza kwamba harufu ya rangi itakuwepo, asishtuke. Mke aliyaweka maneno hayo moyoni. Hotuba kama hizo hakuzipata mara nyingi.

Siku ya Alhamisi, asubuhi na mapema, bomba lilisimama. Nukta alishuka kutoka juu ya paa, akaliunganisha, akapiga goti kutazama kazi yake. Ndipo alipoona mbingu zimekuwa nyeusi upande wa mlimani. Kofia ya bati ya kukinga mvua huko juu alikuwa hajaikata bado. Maji yangeshuka moja kwa moja hadi kwenye udongo mbichi na kuuharibu wote. Basi alichukua gunia, akalilowesha kwa udongo, akalikunja, akapanda tena paani, akalisokomeza kooni mwa bomba mpaka likaziba kabisa. Alikuwa bado ananawa mikono simu ilipoita. Bomba kuu la shule ya bweni lilikuwa limepasuka, na jiko zima la shule linaogelea. Akabeba mfuko wa vifaa.

Mke alikuwa kwenye cherehani, mguu unakimbia, mashine inalia. Bila kugeuka akauliza, "Vipi bomba?"

"Nimefunga," akasema Nukta, akatoka.

Yeye alimaanisha ameliziba. Alimaanisha kuna gunia ndani, mvua inakuja, usiguse mpaka nirudi. Yote hayo aliyaona wazi kichwani mwake, na akadhani neno moja limeyabeba. Lakini kwa wiki tatu, katika nyumba ile, kufunga bomba kulikuwa na maana moja tu: kuliweka mahali pake, kulimaliza. Mke alikuwa amelisubiri neno hilo kama mtu anavyosubiri kutoka hospitalini. Safari hii hakuzitazama nyusi. Alikuwa anapitisha uzi kwenye kola ya shati la mtu, na kola haitaki macho yaondoke.

Alisubiri mumewe afike mbali, kwa sababu alitaka kumshangaza. Akafanya kila kitu kama alivyoagizwa. Akatia mkaa kidogo, akauwasha, akaona unashika vizuri, mwekundu, hauna moshi. Akafunga dirisha. Akasokota kitambaa, akakiziba chini ya mlango ili joto lisipotee. Juu ya tanuri akaweka birika la maji na vikombe viwili. Kisha akarudi kwenye kola.

Nukta alirudi saa tisa alasiri, amelowa mpaka kwenye mbavu. Aliusukuma mlango, ukamgomea kidogo kwa sababu ya kile kitambaa. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa joto. Lilimpiga usoni na kifuani, joto kavu na zuri ambalo nyumba ile haikuwahi kuwa nalo, na kwa kitambo kifupi alifurahi. Furaha ile ndiyo iliyomtesa baadaye kuliko mengine yote. Kisha akaona birika juu ya tanuri, na vikombe viwili, na mkewe amelaza kichwa juu ya shati la mtu, sindano imezama katikati ya kola.

Alimbeba mpaka nje kwenye mvua. Majirani wanasema hapo ndipo waliposikia sauti yake kwa mara ya kwanza, na kwamba hawakuelewa hata neno moja.

Mke hakufa. Hospitalini walimwekea oksijeni, na siku ya tatu akafumbua macho. Alimtambua mumewe, akamtambua mdogo wake, akamshika binti yake shavu. Lakini alipofungua mdomo hakikutoka kitu. Daktari, yule yule wa kifua, alieleza kwamba hewa ya mkaa haina rangi wala harufu, inamlaza mtu polepole, na ikimwacha hai huondoka na kitu. Kwake ilikuwa imeondoka na maneno. Huenda machache yangerudi. Asingeweza kuahidi mangapi, wala lini.

Kwenye benchi la nje ya wodi shemeji alikaa kando ya Nukta, ameshika tama, hana mzaha hata mmoja. Mwishowe akauliza dada yake alikuwa ameambiwa nini asubuhi ile.

"Nilimwambia nimefunga," Nukta akajibu.

"Umefunga nini?"

"Bomba. Nilitia gunia."

Shemeji akamtazama, kisha akaangalia sakafu. "Shemeji, si ndicho alichokuwa anakisubiri? Kila nikija namsikia, umefunga bomba, umefunga bomba. Ukamwambia umefunga." Akainua macho. "Ungesema tu usiwashe. Neno moja hilo. Halikuzidi lile ulilosema."

Nukta aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti. 

Usiku ule ule alimpigia simu binti, aliyekuwa amekwenda kupumzika kwa mjomba. Akaongea robo saa nzima. Alianzia kwenye mawingu, akaja kwenye gunia, akaja kwenye mkaa, akarudi kwenye mawingu. Binti alisema baadaye kwamba habari ya mama ilimuumiza, lakini kumsikia baba akiongea vile kulimtisha, akajua nyumba yao imevunjika.

Mke aliporuhusiwa, Nukta alikuwa ameshaandaa nyundo kubwa. Alitaka kulivunja lile tanuri vipande vipande kabla mkewe hajaliona tena, na shemeji alikuwa tayari kushika upande wa pili. Daktari aliwakatalia. Kifua ni kile kile, alisema, na sasa kimekuwa dhaifu zaidi. Baridi haikujali kilichotokea. Basi tanuri likabaki, na kila asubuhi yule mtu aliyelileta ilimbidi apige magoti mbele yake na kuliwasha.

Gunia alilitoa siku ya kwanza, akalichoma uani. Kilango cha ndani ya bomba, kile cha kupunguzia hewa, alikikata kwa msumeno akakitupa. Bomba lile haliwezi kuzibwa tena na mtu yeyote. Mvua inaingia, matofali yanaoza, kuni zinaliwa mara mbili, naye haoni taabu. Kila anachofanya anakisema. "Mama, sasa natia kuni. Kuni tatu, kavu. Bomba liko wazi, nimetazama juu, naona mbingu. Dirisha nimelifungua kidogo, maana yake nimeacha upana wa vidole vitatu, hewa ipite." Wateja nao wamepata yao. Anamweleza mtu habari ya bomba la sinki mpaka mtu anaaga mara mbili. Akisema nimefunga, anasimama hapo hapo kueleza: nimefunga, yaani nimeliweka, si kwamba nimeliziba, maji yanapita, njoo uone. Shemeji alimwambia siku moja kwamba jina lake limepitwa na wakati, siku hizi yeye ni mkato. Hakuna aliyecheka.

Mke hukaa kwenye kiti kando ya cherehani, si mbele yake. Mikono yake inaweza kukunja nguo na kuosha vikombe. Uzi haiuwezi. Watu wanaopita dirishani humsalimu, naye hutabasamu, nao huondoka haraka kidogo kuliko zamani. Kifua chake kimetulia. Nyuma ya kabati ukungu umekauka na kuacha doa. Tanuri limefanya kazi yote ambayo lililetwa kuifanya.

Alasiri moja, mwezi wa tano tangu siku ile, Nukta alikuwa anachochea majivu aliposikia sauti nyuma yake, kavu, kama ya mtu aliyeamka.

"Funga," mkewe akasema.

Mtaimbo mdogo ulimponyoka. Akamgeukia. Mkewe alikuwa anamtazama, nyusi zake zimepanda, na ilikuwa wazi kwamba ana haja na kitu, na kwamba anakijua vizuri sana. Nukta akaenda dirishani, akalifunga. Akamtazama. Siyo. Akafunga mlango. Siyo. Akafunga mlango wa tanuri, kisha akaufungua upesi. Akapiga goti, akamfunga mkewe kamba za viatu. Akamfunga vifungo vya sweta, mpaka cha juu kabisa. Akachukua kitambaa, akamfunga kichwani, kwa ule mkono mzito wa fundi bomba usiojua mambo ya vitambaa.

"Funga," akasema mkewe tena, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Nifunge nini, mama?" Nukta akamshika mikono yote miwili. "Niambie tu. Nifunge nini?"

Mkewe akamtazama kwa subira, kama mtu aliyekwisha maliza kusema yote yanayohitajika. Lilikuwa neno lile moja, na ndani yake kulikuwa na habari nzima. Nukta akazitazama nyusi zake. Miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyesomwa, na hakujifunza kusoma.

Akainuka, akafungua dirisha, akaanza tena kuanzia hapo.